Mahadhi ya Kuazima Katika Michezo ya Kuigiza

Mwaka 1728 John Gay alionyesha mjini London mchezo uitwao The Beggar's Opera. Wakubwa wa mji walikuwa wakihudhuria opera za Kitaliano, zinazoimbwa mwanzo hadi mwisho kwa lugha ambayo watazamaji wengi hawakuielewa. Gay aliwaacha wachezaji wake wazungumze Kiingereza cha kila siku, kisha wakatize mazungumzo kwa wimbo. Nyimbo zilikuwa 69, na nyingi alizitilia maneno mapya katika mahadhi ambayo watu walikuwa wakiyaimba tayari mitaani. Wahusika wake ni wezi, makahaba na mlinzi wa jela.

Mahadhi yanayojulikana hayaji mikono mitupu. Huja na maneno yake ya kwanza. Msikilizaji huyasikia yote mawili pamoja, na kicheko huzaliwa katika mgongano huo. Gay aliwapa majambazi wake mwendo wa maandamano kutoka Rinaldo, opera ya Handel. Majambazi wakatembea kama mashujaa, na watazamaji wakajiuliza kama wakubwa wao nao si majambazi. Wengi walimwona humo Robert Walpole, kiongozi wa serikali. Mchezo uliofuata, Polly, ulikatazwa, na mwaka 1737 ikapitishwa sheria ya kukagua michezo kabla haijaonyeshwa.

Baadaye opera ya kuchekesha ilizidi kutungiwa muziki wake yenyewe, hadi kufikia kazi za Gilbert na Sullivan kati ya 1871 na 1896. Hatutakaa huko. Shule ya msingi haina mtunzi wala okestra. Ina watoto na nyimbo zao.

Hapa kwetu vichekesho vilivyokua shuleni wakati wa ukoloni mara nyingi vilimcheka mshamba asiyejua mambo ya mjini. Gay alicheka kuelekea juu. Vichekesho hivyo vilicheka kuelekea chini, na mtoto aliyetoka kijijini alikaa darasani akijiona jukwaani. Ngonjera za Mathias Mnyampala zilileta heshima ya hoja na ushairi, ila ndani yake mjinga hubishana na mjuzi na mwisho hukubali. Mwalimu asipoangalia, watoto hukariri tu. Penina Muhando, mzaliwa wa Berega wilayani Kilosa, alionyesha njia pana zaidi katika Lina Ubani (1984), alipoingiza masimulizi ya jadi ndani ya tamthilia.

Tuseme basi mwanachuo amepangiwa mazoezi ya kufundisha Darasa la Tano huko Mikumi. Tembo wameingia mashambani na kula mahindi. Na wawe wao wakubwa wa mchezo: wanafika kwa adabu, wanadai chakula cha wageni, wanamlaumu mkulima kwa kupanda kidogo. Mkulima huzungumza, tembo huimba. Maneno wayatunge watoto wenyewe, nasi tuwasaidie kuhesabu mizani tu.

Uchaguzi wa mahadhi ndio kazi ngumu. Reli na mashamba ya mkonge yalileta Kilosa watu wa makabila mengi, hivyo wimbo wa Wakaguru au wa Wavidunda huenda ukawa mgeni kwa nusu ya darasa. Yafaa mtoto mmoja aanze wimbo, nasi tunyamaze. Wenzake wakiitikia bila kuambiwa, hayo ndiyo mahadhi tunayoyataka. Wimbo wa kulima ukiwa kinywani mwa tembo anayekula mahindi, hakuna haja ya kueleza kichekesho.

Nyimbo za jando na unyago haziazimwi, hata watoto wakizijua. Za ibada nazo tuulize wazazi kwanza, kwani maneno ya kwanza hayafutiki, na mzee aliyekaa nyuma ya darasa siku ya maonyesho atayasikia kabla ya yale yetu.