Kilimanjaro: Nunua Siku Kabla ya Viatu

Mtu anayejiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza na vitu vinavyoonekana. Huuliza viatu vya aina gani vinafaa, koti zito linapatikana wapi, kampuni ipi ina bei nafuu na mwezi gani hauna mvua. Yote hayo ni maswali ya msingi, na kila moja lina wakati wake. Lakini liko swali moja linalopaswa kuyatangulia yote, nalo mara nyingi huachwa hadi mwisho au huachiwa kampuni ijibu: utakaa mlimani siku ngapi? Ninavyoona mimi, idadi ya siku ndiyo uamuzi mkuu wa safari hii. Ndiyo inayoamua njia utakayopita, gharama utakayolipa, uwezekano wa kufika kileleni, na juu ya yote, usalama wako. Anayezipunguza ili abakiwe na fedha za vifaa anapunguza kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Sababu inaanzia kwenye hewa. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya oksijeni katika hewa ya huko ni ileile ya Dar es Salaam, yaani takriban asilimia 21, lakini kanieneo ya hewa hupungua hadi kukaribia nusu. Kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi, na mwili hulazimika kujirekebisha. Kupumua huongezeka ndani ya saa chache, figo huchukua siku kadhaa kusawazisha kemia ya damu ili kupumua huko kwa kasi kuweze kuendelea, na chembe nyekundu za damu huhitaji majuma kuongezeka. Hakuna hatua kati ya hizi inayoharakishwa na ujasiri. Mwili uliopandishwa upesi kuliko unavyoweza kujirekebisha hupata ugonjwa wa mwinuko: kichwa kinauma, chakula kinachukiza, kichefuchefu kinaanza na usingizi unapaa. Hali hiyo ikipuuzwa na mtu akaendelea kupanda, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hayo mawili huua. Tiba ya uhakika ni kushuka mara moja.

Wataalamu wa tiba ya milimani wana kanuni rahisi inayomwezesha hata mtu wa kawaida kuipima safari yake kwenye karatasi. Ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kila usiku, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku wa kubaki palepale. Sasa tuipime kwa kanuni hiyo safari ya siku tano ya njia ya Marangu, ambayo huwavutia wengi kwa ufupi na unafuu wake. Usiku wa kwanza mpandaji analala Mandara, mita 2,720. Usiku wa pili analala Horombo, mita 3,720. Usiku wa tatu yuko Kibo, mita 4,720, na karibu na saa sita usiku anaamshwa apande mita nyingine 1,175 hadi kileleni, kisha ateremke hadi Horombo siku hiyohiyo. Kila usiku ameruka mita 1,000, mara mbili ya kinachoshauriwa, bila siku hata moja ya kupumzika. Wapo wanaofika kwa ratiba hiyo. Wengi wao hufika wakiwa hoi, na wengine huteremshwa na waongozaji kabla hawajaona ukingo wa kasoko.

Njia ya Marangu yenyewe haina kosa. Ndiyo pekee yenye nyumba za kulala badala ya mahema, na ukiongeza siku moja tu hali hubadilika. Katika ratiba ya siku sita mpandaji hulala Horombo mara mbili wakati wa kupanda. Mchana wa katikati hutembea hadi kwenye Mawe ya Pundamilia au zaidi kuelekea Mawenzi, kisha hurudi kulala chini. Hiyo ndiyo siri ya njia nzuri zote: panda juu mchana, lala chini usiku. Njia ya Machame imejengwa juu ya wazo hilo. Siku ya tatu mpandaji hufika Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha huteremka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Ratiba ya siku saba huongeza usiku wa Karanga, na hivyo kuigawa safari ndefu ya kutoka Barranco hadi Barafu. Njia ya Lemosho, inayoingilia magharibi na kuvuka uwanda wa Shira, hufanywa kwa siku saba au nane, na ikifanywa kwa nane huikaribia zaidi kanuni ile ya mita 500. Rongai, inayoanzia kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, ina ukavu zaidi na inafaa pia endapo itapewa siku za kutosha. Kwa hiyo swali la njia ipi ni bora halijibiki mpaka siku zijulikane kwanza.

Historia ya mlima huu inathibitisha jambo hilohilo. Mjerumani Hans Meyer alijaribu kuupanda mwaka 1887 akashindwa na barafu. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alibadilisha mpango. Aliweka kambi mlimani, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu mara kwa mara, ili wasilazimike kushuka kila jaribio linaposhindikana. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kasoko wakiwa wamechoka na muda umekwisha. Walirudi kambini, wakapumzika, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Jaribio la pili liliwezekana kwa sababu mpango wao ulikuwa na akiba ya siku, na akiba hiyo ilibebwa mabegani mwa Waafrika waliopanda na kushuka na vyakula.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la vijana wenye nguvu. Mtu anayekimbia kilomita kumi kila asubuhi anaweza kuuliza kwa nini alipie siku za wazee. Jibu ni kwamba mazoezi huimarisha miguu na moyo, na yanasaidia sana katika usiku wa kileleni, lakini hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Mwenye nguvu mara nyingine huwa hatarini zaidi kwa sababu anaweza kupanda haraka kuliko damu yake inavyojirekebisha. Vijana hao watataja wagumu, kama wanavyoitwa wapagazi wa Kilimanjaro, wanaowapita wageni njiani wakiwa na mizigo kichwani. Wengi wa hawa wamezaliwa na kukulia kwenye miteremko ya mlima, na hupanda mara nyingi kwa mwaka, tena baadhi yao huugua pia. Watamtaja Karl Egloff, ambaye mwaka 2014 alipanda na kushuka kwa chini ya saa saba, au Mtanzania Simon Mtuy, aliyefanya hivyo bila kusaidiwa mwaka 2006 kwa chini ya saa kumi. Lakini Egloff anatoka Quito, mji ulio juu ya mita 2,800, na Mtuy amekulia mlimani na kuufanyia kazi kwa miaka. Wote wawili walikuwa wameshazilipa siku zao kabla saa haijaanza kuhesabu.

Pingamizi la pili ni dawa. Ipo asetazolamidi, ambayo husaidia figo na kupumua kujirekebisha mapema, na daktari anaweza kukushauri uitumie. Wenye mzio wa dawa za salfa wanapaswa kumweleza daktari mapema. Hata hivyo dawa hii inasaidia mpango mzuri tu. Haiuokoi mpango mbaya. Vidonge vya maumivu navyo vinahitaji uangalifu, kwa sababu vinaweza kunyamazisha kichwa kinachotoa onyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni fedha na likizo, na halistahili jibu jepesi. Ada za kuingia hifadhini na za kulala hutozwa kwa siku, na kila siku ina chakula na ujira wa waongozaji, mpishi na wagumu. Wala ujira wa mwongozaji haukwepeki, kwani sheria hairuhusu kupanda peke yako bila mwongozaji mwenye leseni. Lakini tuhesabu vizuri. Usafiri wa kwenda na kutoka getini hulipwa mara moja tu, uwe mlimani siku tano au nane, na vifaa vya kukodi Moshi havipandi bei maradufu kwa sababu ya siku mbili. Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa ada za hifadhi zilizo chini sana kuliko za wageni wa mbali, kwa hiyo siku ya nyongeza kwao ni rahisi kuliko wanavyodhani. Panda na kikundi, kodi koti badala ya kununua, na fedha uliyookoa iweke kwenye siku. Mahali pa kutookoa ni mgongoni mwa mgumu. Bei iliyo chini kupita kiasi kwa kawaida inamaanisha kuna mtu amepunjwa ujira, chakula au hema, au amebebeshwa zaidi ya kilo 20 zinazoruhusiwa.

Na kama siku hazipatikani kabisa? Basi badilisha mwisho wa safari, usibadilishe mwendo wake. Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, si kilele peke yake. Mwenye siku moja anaweza kupita msituni hadi Mandara na kuchungulia kasoko ya Maundi. Mwenye siku tatu anaweza kufika Horombo, akaona misenesio mikubwa na lobelia zisizoota mabondeni. Mwenye siku nne anaweza kuupanda Mlima Meru, mita 4,562, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, akajua mwili wake unaupokeaje mwinuko. Safari hizi zina heshima kamili, na ndizo zinazomwandaa mtu kwa Uhuru mwaka unaofuata.

Mpangilio unaofaa basi uko wazi. Hesabu siku ulizonazo, ukiondoa za kusafiri kutoka nyumbani. Zikifika saba au zaidi mlimani, lenga kilele. Zikiwa sita, panda ukijua nafasi yako imepungua. Zikiwa tano au chini, chagua safari nyingine. Kisha chagua njia inayozitumia vizuri, halafu mwezi: Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba, huwa na ukavu kuliko masika na vuli. Ndipo utafute kampuni, na uiulize inawalaza wapi wapandaji kila usiku, inapimaje afya ya wapandaji na inawalipaje wagumu. Mwisho, kabla ya kuondoka, kubaliana na mwongozaji kwamba akisema shuka, utashuka bila ubishi. Viatu vije baada ya hapo, navyo viwe vimeshazoea miguu yako.