Kabla Hujasema “Nipe GB 4”

Ukiingia steshenari ya Sanawari au Usa River, Arusha, msimu wa maombi ya vyuo, si ajabu kukuta kazi yote imebebwa na Dell OptiPlex iliyokwishatumika Ulaya. Inachapa na kuskani bila shida, lakini mteja akifungua fomu ya mkopo kwenye intaneti huku barua yake iko wazi kwenye Word, mashine inaganda. RAM imejaa, na Windows inahamishia mzigo kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno. Fundi atashauri RAM iongezwe, na hajakosea. Mambo huharibikia dukani, mnunuzi anapotaja ukubwa peke yake.

Ndani ya chipu ya RAM, kila biti ni chaji ndogo ya umeme kwenye kapasita moja inayofunguliwa na transista moja, muundo aliobuni Robert Dennard wa IBM mwaka 1966. Chaji hiyo huvuja, kwa hiyo sharti irudishiwe kila baada ya milisekunde 64 hivi. Anayesimamia kazi hiyo, na kujua kila biti imekaa wapi, ni kidhibiti cha kumbukumbu. Kwenye mashine za Intel Core 2 kimo kwenye madabodi. Kwenye Core i kimehamia ndani ya prosesa. Hicho ndicho cha kuridhisha, si mfuko wako tu.

Anza na kizazi. DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2. OptiPlex 760 na 780 huwezi kuzitofautisha kirahisi kwa nje, ila ya kwanza inataka DDR2 na ya pili DDR3. RAM hizo mbili zina pini 240 na urefu uleule. Kilichosogezwa makusudi ni pengo la chini. Ikigoma kuingia, usiilazimishe.

Kisha soma lebo. Tuseme imeandikwa 4GB 2Rx8 PC3-12800U. PC3 ni DDR3. 12800 ni megabaiti kwa sekunde: miruko milioni 1,600, kila mmoja ukibeba baiti 8. U ni ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptopu, na R ni ya seva, ambayo haitawasha mashine yako hata kama inaingia kwenye sloti.

2Rx8 ndiyo huumiza wengi. Maana yake ni chipu 16, nane kwa kila safu, kila moja ikiwa na gigabiti 2. GB 4 hizohizo zikiandikwa 1Rx8 ni chipu nane za gigabiti 4, na kidhibiti cha 780 hakikutengenezewa chipu kubwa kiasi hicho. Mashine huenda isiwake kabisa, au isome nusu. Wala kuhesabu chipu hakutoshi: kuna RAM za bei poa zenye chipu 16 za aina ya x4, zinazouzwa kwa ajili ya AMD, na mashine hizi za Intel hazizisomi.

Angalia na Windows yenyewe. Ikiwa ni ya biti 32, haitavuka GB 4 hata ukijaza sloti zote. Ukichanganya RAM ya kasi na ya taratibu, zote zitafuata ya taratibu.

Wakati wa kufunga, chomoa waya wa umeme na ushike chuma cha kasha kwanza, hasa baridi ya Julai unapokuwa umevaa sweta la nailoni. Umeme tuli unaua chipu bila cheche kuonekana. Futa vumbi kwenye sloti.

Kwa hiyo piga picha lebo ya RAM ya zamani na namba ya modeli kabla ya kwenda mjini, na mkubaliane na muuzaji siku za kurudisha. Usiku huohuo iendeshe MemTest86 kutoka kwenye flashi. Ikitoa kosa hata moja, rudisha RAM hiyo.