Kifungo cha Mwisho Kwanza

Asubuhi za Julai hapa Bura, baridi inaposhuka kutoka milima ya Taita, watoto huja darasani na sweta. Wengi wamefungiwa vifungo na mama au nyanya kabla ya kutoka nyumbani. Mwalimu wa elimu maalumu akiiona sweta hiyo huona kazi ya wiki nyingi.

Kufunga kifungo kimoja kuna hatua nyingi kuliko tunavyodhani. Shika ukingo wa nguo. Tafuta tundu kwa kidole gumba. Kigeuze kifungo kisimame upande. Kisukume nusu. Badilisha mkono. Kivute kipite. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa kiakili, kila hatua ni somo lake, na akikwama kwenye ya pili haioni ya sita maishani. Kwa hiyo tunaanza kinyumenyume. Mwalimu hufanya zile tano, kisha humwachia mtoto ya mwisho tu: kukivuta kifungo ambacho kimeshachungulia tunduni. Anavuta, kinapita, na aliyeimaliza kazi ni yeye. Akizoea tunamwachia mbili za mwisho, halafu tatu. Hakuna siku anayoondoka akiwa ameshindwa, na hilo, kwa mtoto aliyeshindwa kila mahali tangu azaliwe, lina uzito ambao siwezi kuueleza wote hapa.

Nimeanza na kifungo kwa sababu watu wakisikia ninachofundisha huniambia neno moja: “Mwalimu, una moyo. Mungu atakulipa.” Dua hiyo naipokea kwa heshima. Lakini mzazi anayemleta mtoto kwetu anastahili zaidi ya moyo wangu. Huruma ndiyo iliyomfungia mtoto vifungo kila asubuhi hadi akafika miaka 11 hajawahi kukigusa hata kimoja. Kazi hii ni ufundi. Husomewa, na aliyeusoma vibaya huharibu.

Kwa Kenya, ufundi huo una nyumba yake Kasarani, Nairobi: Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986. Wengi huingia wakiwa tayari walimu wa shule za kawaida, wakasomea stashahada wakati wa likizo. Shule zikifunguliwa wanarudi darasani kujaribu walichofundishwa. Wengine hupitia Chuo Kikuu cha Kenyatta au Maseno. Shule zenyewe zilitangulia. Ile ya wasioona ya Thika ilifunguliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na za viziwi za Mumias na Nyangoma zikaja 1961.

Historia ya viziwi ndiyo inayonizuia kuutegemea moyo mwema. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaazimia kwamba mtoto kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo, ishara ziachwe. Waliwatakia watoto mema. Azimio hilo likavuka bahari, na kwa miaka mingi shule nyingi za viziwi, zetu zikiwemo, hazikutaka watoto waongee kwa mikono. Sasa simama mbele ya kioo, utamke bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya jambo lilelile mara tatu. Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyomtaka mtoto ayatofautishe kwa macho, na aliposhindwa tukasema kichwa chake ni kizito.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya na breli, au nukta nundu kama wasemavyo Tanzania. Sheria ni nzuri, ila mtoto kiziwi wa kijijini mara nyingi haji shuleni na lugha hiyo. Haji na Kidawida wala Kiswahili pia. Anakuja na ishara zilizobuniwa jikoni kwao: ya maji, ya mbuzi, ya ndovu waliomaliza mahindi. Mwalimu anayeijua kazi yake huzijifunza hizo kabla hajafundisha nyingine yoyote, maana akizidharau anamwambia mtoto kwamba yote aliyosema hadi leo hayakuwa kitu.

Breli nayo huwatisha walimu wapya bure. Ni nukta sita tu, zinazoweza kupangwa kwa namna 63. Ugumu umo kwenye kibao cha kuandikia. Mwanafunzi hutoboa kwa kalamu ya chuma, na nukta hutokeza upande wa pili wa karatasi, kwa hiyo huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto. Karibu kila herufi anaijua kwa sura mbili zinazotazamana. Mwalimu mwenye macho anayeona hilo ni jepesi na afumbe macho ajaribu jina lake mwenyewe.

Kabla ya yote hayo huja tathmini. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya kupima watoto na kuwashauri wazazi, na ninamsihi kila mzazi asivipite. Nasema hivyo kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mtoto niliyemwona mkaidi, nikamketisha nyuma asiwasumbue wenzake. Alipopimwa ikaonekana masikio yake yalikuwa na usaha wa muda mrefu. Nilikuwa nimempeleka mbali zaidi na sauti aliyokuwa akiitafuta. Tangu hapo, mtoto akikaidi, naanza na masikio, kisha macho, kisha kama amekula.

Yule aliyefika miaka 11 bila kugusa kifungo sasa anafunga vyote vitano vya sweta yake. Inachukua muda mrefu, na darasa zima tunamsubiri. Juzi mama yake alikuja kulalamika.

“Mwalimu, siku hizi hataki nimguse asubuhi. Tunachelewa.”

“Mwamshe mapema kidogo, mama.”

“Na hiyo jaketi aliyonunuliwa na mjomba wake? Ina zipu.”

Nimemwambia ailete Jumatatu. Nitaiunganisha mimi pale chini, nitaipandisha hadi karibu na kidevu, kisha nitamwachia yeye avute.