Mfunguo wa Udongo

Msomaji wa Mwaya, kule Kyela ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ameniuliza: kwa nini babu yake, akishalima shamba la mpunga kwa ng'ombe, huacha mabonge yaanikwe na jua na hataki yaguswe mpaka mvua inyeshe? Ni imani tu, au ipo sayansi?

Ipo, tena inanifurahisha mno. Jambo hilo limo katika Tirukkural, kitabu cha maadili cha Watamili wa kusini mwa India, chenye beti 1,330 na umri usiopungua miaka 1,400. Sura yake ya 104 ni ya kilimo. Humo Valluvar, mtunzi wake, anadai kwamba udongo uliolimwa ukianikwa hadi uzito wake ubaki robo, mazao yatastawi bila hata konzi ya mbolea. Hiyo robo ni chumvi ya mshairi, lakini habari ya jua ni kweli.

Aliyeipima alikuwa huku kwetu. Mwaka 1958, H. F. Birch wa kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, alionyesha kuwa udongo uliokauka ukiloweshwa hutoa ghafla naitrojeni na hewa ya kaboni kwa wingi. Wataalamu huiita athari ya Birch, jina lisilomwambia mkulima kitu. Nilijaribu "mlipuko", likasikika kama bomu. "Mfumuko" tumeshaliachia bei. Nimechagua mfunguo.

Chukulia udongo ni nyumba iliyofunga saumu. Jua linapokaza, bakteria na kuvu hujilimbikizia miilini akiba ya vitu vilivyoyeyuka ili maji yasiwatoke. Wengi hawafiki magharibi. Mabonge nayo hupasuka, na mboji iliyojificha ndani hufunuliwa kama chungu kilichofunikwa tangu asubuhi. Mvua ya kwanza ndiyo adhana. Maji huwaingia kwa kishindo; wengine hupasuka, wengine huitapika akiba yao wasije wakapasuka. Waliosalia hufuturu: hula mboji, hula hata mabaki ya wenzao, huku wakipumua kwa nguvu hivi kwamba hewa ya kaboni hufumuka shambani ndani ya saa chache. Naitrojeni inayowazidi huiacha mezani, na hilo ndilo fungu la mpunga.

Fungu hilo halikai. Likishageuka naitreti, mvua kubwa hulizamisha chini ya mizizi. Mito ikifurika na shamba likituama maji, sehemu yake hupotelea hewani. Mboji nayo hupungua kila mfunguo, ndiyo maana ubeti wa Valluvar unaofuata ule wa kuanika udongo unaiona mbolea kuwa bora kuliko jembe.

Basi mwachie babu mabonge yake. Mbegu iwe tayari kabla ya wingu la kwanza, na samadi ya ng'ombe hao irudishwe shambani.