Mashini yenye kuona chini ya nguo: marubani walikataa, sisi tutasema nini?



Kila mtu wa mugodi anajua saa ya kutoka posti. Kazi imekwisha, mugongo unauma, na mbele ya mlango kuko mustari murefu. Gadi anasema: vua viatu, fungua mufuko, inua mikono. Anapapasa kuanzia kwapa mpaka miguuni. Wengine kati yetu wamezoea. Wengine, sana sana ba mama, hawakuzoea hata siku moja.

Sasa maneno mapya yamefika. Katika mukutano mumoja na sisi delege wa sendika, mukubwa mumoja wa usalama alituambia hivi: mutaacha kupapaswa, tutaleta skanere, mashini yenye kuona mwili muzima. Mutasimama ndani sekonde chache, kiisha mutaenda. «Ni ile ile ya viwanja vya ndege vya Ulaya», akasema. Hatutaji sosiete, kwa kuwa hakuna karatasi yoyote iliyotiwa sahihi. Mama mumoja delege akainua mukono: «Na ile foto, nani njo ataiangaria?» Mukubwa akajibu kwamba ataleta jibu. Mpaka leo tunangoja.

Kwa sababu wanatupa mufano wa viwanja vya ndege, tuliona ni vizuri kujua mambo yalipita namna gani huko.

Noeli ya 2009

Tarehe 25 Desemba 2009, kijana mumoja wa Nijeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege Amsterdam kwenda Detroit, Marekani. Ndani ya chupi yake alishona unga wa kulipuka. Ndege ilipokaribia kutua, akajaribu kuwasha. Unga haukulipuka, ulimuunguza yeye mwenyewe, na abiria wakamushika. Ndani kulikuwa watu karibu 290.

Mlango wa kawaida wa kiwanja cha ndege unalia kwa chuma tu. Unga hauna chuma. Njo maana serikali ya Marekani ilisukuma mbio mbio skanere katika viwanja vyake, na Uholanzi na Uingereza zikafuata. Hatuwezi kusema sababu yao ilikuwa ya uongo. Watu 290 si muchezo.

Lakini kelele ikaanza mara moja. Abiria walisema: mashini hii inatuvua nguo mbele ya mutu tusiyemujua. Na wenye elimu wakauliza swali lingine: inatupiga na nini?

Mashini mbili, si moja

Hapa wandugu tusikilize vizuri, maana wakubwa wanapenda kusema «skanere» kana kwamba ni kitu kimoja.

Ya kwanza inatumia mionzi ya X, jamaa ya ile ya radio ya mapafu tunayopigwa kwenye visiti ya kila mwaka. Katika viwanja vya ndege mionzi hiyo ilikuwa kidogo sana: haikupenya mwili sana, foto ilitoka kwa mionzi iliyorudi kutoka kwenye ngozi. Ya pili inatumia mawimbi mafupi, yenye kufanana zaidi na ya telefone kuliko ya radio ya hospitali. Hayo hayana nguvu ya kuvunja kitu ndani ya damu au ya mufupa kama mionzi ya X inavyoweza.

Mionzi inapimwa kwa siveti. Kipande chake kidogo ni mikrosiveti. Skanere ya X ya kiwanja cha ndege ilitoa karibu mikrosiveti 0,1 kwa mara moja. Udongo, mawe na anga vinatupa karibu mikrosiveti 6 au 7 kila siku, bila kuuliza mutu ruhusa. Kwa msafiri wa mara mbili kwa mwaka, hesabu ni ndogo. Hata hivyo, Aprili 2010, maprofesa wane wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliandikia serikali ya Marekani: mionzi hii inakaa sana kwenye ngozi, vipimo havikuangaliwa vya kutosha na watu huru, na wazee, watoto na ba mama wenye mimba wafikiriwe kwanza. Serikali ikajibu kwamba hakuna hatari. Mabishano yakaendelea.

Marubani walisema hapana

Sehemu hii inatuhusu sisi watu wa sendika. Novemba 2010, mukubwa wa sendika ya marubani wa American Airlines aliwaandikia wenzake: musipite katika skanere. Sababu yake ilikuwa rahisi. Rubani tayari anapata mionzi mingi angani kuliko mutu wa chini, kwa kazi yake. Msafiri anapita mara moja moja, rubani anapita siku zote. Ukiongeza kidogo juu ya kidogo, mwisho inakuwa kitu.

Mwezi ule ule, serikali ilikubali: marubani waangaliwe kwa njia nyingine, vitambulisho vyao vihakikishwe. Siku chache nyuma, wale wanaohudumia abiria ndani ya ndege wakapata vilevile.

Tuangalie vizuri. Marubani hawakuvunja mashini, hawakuchoma kitu. Walisema kwa sauti moja, na hesabu mukononi: anayepita kila siku si sawa na anayepita mara moja. Sisi pia tunapita mlangoni kila siku.

Ile foto inaenda wapi?

Kuhusu foto, walisema: mashini haiweki kitu, foto inafutika. Lakini 2010 ilijulikana kwamba skanere moja kwenye mlango wa nyumba ya hukumu, mjini Orlando, ilikuwa imeweka foto zaidi ya 35 000 za watu waliopita pale. Hakuna aliyewaambia.

Umoja wa Ulaya ulichukua njia ingine. Novemba 2011 uliweka masharti: skanere za mionzi ya X hazikuruhusiwa, foto isiwekwe, mwenye kuangalia akae mbali, asimuone msafiri, msafiri aambiwe mashini inafanya nini, na akikataa, apimwe kwa njia ingine. Marekani yenyewe, mwaka wa 2013, iliondoa skanere za X katika viwanja vyake, kwa kuwa sosiete iliyozitengeneza ilishindwa kubadilisha foto ya mwili kuwa muchoro tu. Zilizobaki zinaonyesha kasanamu kama ka mutoto wa shule, na alama pale penye kitu. Mwanaume, mwanamuke, munene, mwembamba: wote wanaonekana sawa.

Kwa hiyo, mukubwa akituambia «ni ile ile ya Ulaya», tumujibu: sawa, utuletee pia masharti yale yale ya Ulaya.

Mlango wa mugodi si mlango wa ndege

Skanere kwa watumikaji si jambo jipya Afrika. Kule Afrika ya Kusini, mashini ya mionzi ya X ilitengenezwa kwa ajili ya De Beers, kutafuta almasi ambayo mutumikaji amemeza au amefichwa mwilini. Hiyo haikurudi kwenye ngozi: ilipenya. Kiisha waliibadili kuwa mashini ya hospitali, yenye jina Lodox, na katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, imesaidia majeruhi: mwili muzima kwa sekonde 13. Kifaa kimoja, kazi mbili. Kwa mugonjwa, mionzi ni kwa faida yake. Kwa mutumikaji aliyesimama mlangoni, ni kwa faida ya nani?

Tupige hesabu. Mashini yenye kupenya ikitoa mikrosiveti 3 tu kwa mara moja, na wewe ukatoka mlangoni siku 300, umepata 900 kwa mwaka. Kipimo kinachokubaliwa kwa mutu wa kawaida ni 1 000 kwa mwaka. Na hatujahesabu vumbi la mugodi wala radio ya visiti.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomi, lenye makao Vienna, lina kanuni zilizotolewa 2014. Humo limeandikwa wazi: kupiga mutu mionzi ili kutafuta wizi ni jambo lisilo na haki. Kongo yetu ni memba wa shirika hilo. Na tuko na sheria ya 16 Oktoba 2002 juu ya kujikinga na hatari za mionzi, pamoja na komite ya taifa, CNPRI, yenye kuangalia mambo hayo. Sisi watu wa Katanga tusidanganywe kuhusu mionzi. Baba zetu walichimba Shinkolobwe bila kuambiwa kitu walichoshika mukononi.

Tuseme ukweli

Kati yetu delege hatupatani wote. Ndugu mumoja alisema: «Mi naona afazali mashini. Mashini haiombe pesa, haikushike vibaya.» Ana sababu. Mama yule akamujibu: «Mi shikatale kupimwa. Nakatala kuonwa butupu na mutu mwenye atanikuta kesho kwenye soko.» Naye ana sababu. Wizi wa kable uko, na wakati mwingine mutu asiyeiba anafukuzwa kazi juu ya neno la gadi. Kukataa kila kitu hakutatusaidia.

Lakini kabla ya kutia sahihi, tunataka majibu kwa maandishi. Ni mionzi ya X au ni mawimbi? Ikiwa ni X, hapana, na kanuni ziko upande wetu. Foto ni ya mwili au ni muchoro tu? Inawekwa wapi, kwa siku ngapi? Ba mama wataangaliwa na mwanamuke? Anayekataa atapimwa kwa njia gani, bila kukatwa mushahara? Na wakubwa, pamoja na wageni wa sosiete, watapita mlango ule ule, au watapita na gari yenye vioo vyeusi?

Swali hili la mwisho lilichekesha mukutano. Hata mukubwa wa usalama alicheka. Lakini hakujibu.

Wandugu, mukiombwa kutia sahihi karatasi yoyote juu ya skanere, kila mutu peke yake, musitie. Pelekeni kwa delege wenu. Na ninyi ba mama, mje kwenye mukutano: mwanamuke mwenye mimba anayefanya usafi au laboratware anapita mlango ule ule, na swali lake lina uzito kuliko letu. Tukiwa na jibu la mukubwa, tutaliandika hapa hapa.