Mtoto Aliyetibiwa Umanjano: Kwa Nini Arudishwe Kupimwa

Takribani watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa kwa miezi iliyotimia, na 8 kati ya 10 waliozaliwa njiti, huonekana na rangi ya manjano katika wiki ya kwanza ya maisha. Wengi hupona bila tiba. Wachache hulazwa chini ya taa maalumu, na baadhi yao hurejeshwa wodini siku chache baada ya kuruhusiwa. Mzazi anapoambiwa mwanawe alazwe tena, hudhani kwamba tiba ya kwanza ilikosewa. Mara nyingi sivyo.

Chembe nyekundu za damu zinapovunjika hutoa bilirubini, ambayo ni kazi ya ini kuiondoa. Ini la mtoto mchanga bado halijakomaa. Mwanga wa taa huibadili bilirubini iweze kutoka kwa choo na mkojo, lakini haukomazi ini wala hauzuii chembe kuvunjika. Kwa hiyo, taa ikizimwa, kiwango kinaweza kupanda tena. Walio katika hatari zaidi ni njiti, watoto ambao damu yao haipatani na ya mama, walioanza kuwa na umanjano kabla ya kutimiza saa 24, na wasionyonya vya kutosha.

Bilirubini ikizidi sana huingia katika ubongo. Madhara yake ni uziwi, mtindio wa ubongo au kifo, na ubongo ukishaathirika hauponi. Kurudi mapema ndiyo kinga.

Wapo wanaomwota mtoto jua badala ya kumrudisha hospitali. Jua la dirishani halitoshelezi tiba, na katika baridi ya Njombe mtoto aliyevuliwa nguo hupoteza joto upesi.

Kabla ya kuondoka hospitali, mzazi aulize tarehe ya kurudi kupimwa na aiheshimu hata kama mtoto anaonekana mzima. Nyumbani, mtoto anyonyeshwe angalau mara 8 kwa siku, usiku na mchana. Kila asubuhi, mahali penye mwanga, atazamwe weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo.

Arudishwe mara moja, bila kungoja tarehe, iwapo:
• viganja au nyayo zimekuwa za manjano;
• analala mno, analegea au anakataa kunyonya;
• analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, anakakamaa au ana degedege;
• ana homa au mwili wake umepoa;
• umanjano umepita siku 14, au choo chake ni cheupe.

Aliye karibu na zahanati aanzie hapo ili apewe rufaa kwenda Hospitali ya Mji Kibena au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe. Aende na kadi ya kliniki pamoja na karatasi aliyopewa aliporuhusiwa, ili mhudumu ajue kiwango cha bilirubini kilichopimwa awali.