Je, Wajua? Newala, Mji wa Ukingoni

Ukipita Nachingwea na Masasi, barabara huanza kupanda uwanda wa Makonde mpaka Newala, mji mdogo uliokaa ukingoni kabisa. Hapo ndipo penye Shimo la Mungu: ardhi inakatika ghafla, na bonde la Ruvuma linatanda chini hadi Msumbiji.

Je, wajua kwa nini watu walijenga juu huko, mahali pasipo na mto? Udongo wa uwanda ni wa kichanga. Mvua huzama, na maji huja kutokea chini mabondeni. Vizazi kwa vizazi wanawake waliyapandisha kichwani. Vichaka vizito viliwakinga watu dhidi ya wateka watumwa na uvamizi wa Wangoni, hiyo ni sababu moja. Lakini wazee wa Kimakonde wana jibu la kale zaidi, lililoandikwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Mtu mmoja aliishi peke yake porini. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nje. Kulipokucha akakuta ni mwanamke aliye hai. Wakaenda kukaa kando ya Ruvuma, mtoto akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda uwandani, na wa tatu akaishi. Ndipo wajukuu wakausiwa wasijenge karibu na mito mikubwa. Sijui kabila jingine linaloanza na mchongaji, na kwangu hiyo inatosha kumfikisha mtu Newala.

Je, wajua kuwa barakoa za midimu, ngoma ya Wamakonde, hazichongwi kwa mpingo? Mpingo ni wa zile sanamu nyeusi za madukani. Barakoa hutaka mti mwepesi, maana mchezaji huivaa usoni na kuruka nayo ngoma ikikolea. Hutoka hasa baada ya mavuno, wari wanapotolewa jandoni na unyagoni, na aliye ndani yake hatajwi jina.

Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alifika Newala na kunasa nyimbo za huko kwa fonografu, kwenye silinda za nta. Leo kila mgeni ana chombo mfukoni. Ukienda, waombe wazee ruhusa kabla hujainua simu.